Barua ya wazi kwa wakuu wa DC Studios: Superman tumempokea, ila wale wa Jarhanpur wanaitwaje?

Kwa Bwana James Gunn na Bwana Peter Safran,

Salamu kutoka Nairobi. Kabla sijafika kwenye shauri langu, heri nitubu mwenyewe msije mkasikia kwa watu. Kwa miaka sita hivi nilikuwa nauza filamu za kampuni yenu kwa shilingi 50 katika kibanda cha muvi kule Umoja. Diski moja ndani ya karatasi ya nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Baadaye diski zikapitwa na wakati, wateja wakaanza kuja na flashi, nikawa nawajazia filamu kama mtu anayepima mafuta ya kupikia. Ruhusa yenu sikuwa nayo, wala sikuitafuta. Siku hizi nalipa tiketi, kwa hiyo hesabuni kwamba deni limeanza kupungua.

Nayataja haya kwa sababu ni kibandani nilikojua ugumu wa kumwanza shujaa upya. Mwaka 2013 Man of Steel ya Zack Snyder ilipotoka, rafu yangu tayari ilikuwa na ile ya 1978 ya Christopher Reeve na ile ya 2006 ya Brandon Routh. Mteja anasimama mlangoni: "Niwekee Superman." Gani? "Ile mpya." Tatizo ni kwamba ile ya 2006 nilikuwa nimeshaiandika SUPERMAN MPYA, na sikutaka kuharibu karatasi. Basi ya Henry Cavill nikaiandika SUPERMAN MPYA KABISA. Hii yenu ya 2025, kibanda kingekuwa bado kipo, sijui ningeiandika nini.

Na wateja walikuwa na kilio kimoja: kila anayemwanza upya anaanzia mbali mno. Lazima sayari ilipuke, mtoto atiwe kwenye chombo, adondoke Kansas, aokotwe shambani, alelewe kwa siri. Unatafuna mahindi yako hadi gunzi, jamaa bado hajavaa nguo za kazi. Hadithi yenyewe Jerry Siegel na Joe Shuster waliitoa kwenye jarida mwaka 1938, kabla babu yangu hajaoa. Nani asiyeijua? Ninyi mmeiruka yote, na kwa hilo peke yake mngekuwa wateja wangu wa kukopeshwa. Mistari michache ya maandishi inahesabu kwa tatu-tatu, kutoka karne tatu zilizopita mpaka dakika tatu zilizopita, na ule wa mwisho unasema Superman ameshindwa pambano kwa mara yake ya kwanza. Kisha puu! David Corenswet, Superman wenu, anaanguka kwenye theluji, anatema damu, anajikaza kupiga mbinja ili mbwa wake aje kumburuta.

Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka tisa. Akanigeukia gizani: "Anko, stelingi ameshapigwa?" Nikamwambia ndiyo. "Na muvi haijaanza?"

Niwaeleze pia tuliiona katika siku za namna gani, maana filamu haitazamwi hewani. Jumatatu ya tarehe 7 Julai, Saba Saba, siku ya kukumbuka maandamano ya 1990 ya kudai demokrasia, polisi walikuwa wamefunga barabara za kuingia katikati ya mji, watu wakateremshwa kwenye matatu mbali na mji na kuambiwa warudi walikotoka. Kuna waliouawa siku ile. Ijumaa yake, tarehe 11, filamu yenu ikatoka huko Marekani. Mwezi mmoja nyuma, mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mtandaoni alikuwa amefia mikononi mwa polisi. Kwa hiyo Lex Luthor, tajiri aliye adui wa Superman, alipofungua gereza lake la siri, ambamo amewarundika wapenzi wake wa zamani na watu waliomkera, bila shtaka wala hakimu, ukumbi ulinyamaza kimya. Nadhani ninyi mlikusudia watu washangae, lango la kwenda ulimwengu mwingine si jambo dogo. Mama mmoja mbele yetu alitikisa kichwa tu.

Nyani nao! Luthor amefunga nyani kwenye mashine wanaandika matusi mtandaoni usiku na mchana kumharibia Superman jina. Huku kwetu watu wa kazi hiyo tunawaita mabloga wa 527, na hao wana mikono miwili na simu nzuri. Tulicheka kuliko mlivyotarajia, nadhani, na si kwa sababu ya nyani.

Na chanzo cha vita kikawa nini? Ardhi. Boravia inaivamia jirani yake Jarhanpur, Luthor anawapa silaha, naye ameahidiwa kipande cha nchi. Hapo mlitupata. Mkenya unaweza kumzungusha na sayansi yote ya vyumba vya siri na viumbe wa kutengenezwa, lakini ukimwambia kwamba kumbe shida ni shamba, anajiweka sawa kwenye kiti.

Sasa niseme mlipofanya kazi nzuri hasa. Si kule anakopaa.

Ni simu. Wazazi waliomlea Clark, maana ndilo jina la Superman la nyumbani, wanampigia kutoka shambani, wote wawili kwenye spika moja, wanapokezana, wanaingiliana, wanapaza sauti kama kwamba umbali wa Kansas na Metropolis unatakiwa kuvukwa na mapafu. Mama yangu akipiga kutoka ushago huwa hivyo hivyo. Anashika simu mbele ya mdomo kama kipande cha muwa, anauliza nimekula, na kabla sijajibu anamwambia jirani kwamba nimesema nimekula. Niliposikia ile sauti ya mzee na bibi yake nikajua mtu aliyeandika ukurasa ule ana wazazi. Pruitt Taylor Vince na Neva Howell hawakai sana kwenye filamu, lakini wao ndio nguzo ya nyumba.

Maana mmefanya jambo la ujasiri ambalo wengi wamelikasirikia. Ule ujumbe wa wazazi wake wa Krypton, sayari alikozaliwa, alioutegemea maisha yake yote, nusu yake ilikuwa imeharibika. Inaposomwa kumbe wanamwambia awatawale watu wa dunia na ajitwalie wake wengi. Nilidhani baadaye mtasema Luthor ameughushi. Hamkusema. Mmewaacha wale wazazi na maneno yao mabaya, na kijana ikabidi arudi kijijini, alale kwenye kitanda chake cha utotoni, na babake aliyemlea amwambie kwamba kazi ya mzazi si kumpangia mtoto awe nani. Mzee yule analia akisema. Mwanzoni, akitibiwa kule barafuni, Clark aliomba awekewe ujumbe wa Krypton ndio umtulize. Mwishoni anatazama kanda za zamani za nyumbani, mzee na bibi wakimkimbiza uani. Hamkuweka hata sentensi moja ya kueleza mabadiliko hayo. Mliyaonyesha tu. Wenzenu wengi wangemweka mtu aseme.

Kitu cha pili ni mahojiano. Lois Lane, Rachel Brosnahan, anawasha kinasa sauti nyumbani kwake na kumhoji mpenzi wake kama mwandishi anavyomhoji mkubwa. Uliingia katika nchi ya watu kwa idhini ya nani? Ulizungumza na rais yule ukiwa umemfanyia nini? Clark anaanza kwa tabasamu, anaishia kufoka kwamba watu walikuwa wanakwenda kufa. Na wote wawili wana hoja. Hakuna kinachopasuka, hakuna anayepaa, ni watu wawili sebuleni, na ndipo nilipoacha kutafuna bisi. Sisi tumezoea mahojiano ya televisheni ambayo mwandishi anacheka kabla mheshimiwa hajamaliza mzaha wake.

Na yule kuchakuro. Dudu kubwa kama ghorofa linaangukia mji, Superman anaona kimnyama kimoja kiko chini, anakidaka anakipeleka kwenye mti. Najua kuna watu wazima waliocheka kwa dharau. Mimi nakumbuka mwaka 2013, wateja wakirudisha diski wamekasirika kwamba nusu ya mji imeangushwa na shujaa hajageuka hata mara moja kutazama nyuma, halafu mwisho anamvunja adui shingo. Tuligombana kibandani siku nzima juu ya shingo ile. Kwa kuchakuro wenu mmejibu ugomvi huo bila kutaja jina la mtu. (Mpwa wangu alidhani ni panya. Aliuliza kwa nini anaokoa panya, na jirani yake wa kiti cha kushoto, mtoto asiyemjua, akamjibu: "Kwani panya hafi?")

Kuna na jambo la nyumbani. Majina yalipoanza kupita mwishoni, mtu wa nyuma yetu alisema kwa sauti, "Gathegi! Huyo ni wetu!" Edi Gathegi amezaliwa Nairobi, amekulia California, na nyie mmempa kazi ya Mister Terrific, shujaa mwenzake Superman. Nilipomsimulia mama kwenye simu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Gathegi wa wapi?" kana kwamba angetaja kijiji angemjua nyanyake. Mimi namfuata tangu mwaka 2011, kwenye X-Men: First Class, alipokuwa mtu ambaye nguvu yake ni kuzoea hatari yoyote ili asife, halafu akawa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Niliiuza sana filamu ile na kila aliyeirudisha alikuja na lalamiko hilo hilo: kati ya wote, yule asiyeweza kufa ndiye wamemuua, na ndiye mweusi.

Kwa hiyo pale ufukweni palikuwa na deni la miaka 14. Anamfunika Lois kwa kiputo cha nguvu, anatoa vile vitufe vyake vinavyoruka, na kamera inamzunguka akiwapukutisha askari wa Luthor huku wimbo wa furaha ukipigwa kama tuko harusini. Uso wake haubadiliki. Anapigana kama fundi aliyeitwa Jumapili kuja kurekebisha bomba. Ukumbi wote ulipiga kelele. Hakuna pambano jingine katika dakika zote 129 lililofikia hilo, na hiyo ni sifa kwake, ila pia ni swali kwenu: mbona pambano bora la filamu ya Superman halina Superman?

Na sasa nimeingia kwenye mapungufu, basi niendelee.

Mmejaza gari. Makanga wetu wana msemo kwamba matatu haijai, na naona mliupata. Kuna Green Lantern wa Nathan Fillion na nywele za kukatiwa na bakuli, kuna Hawkgirl, kuna Metamorpho na mtoto wake, kuna Engineer, kuna Krypto, kuna maroboti, kuna Jimmy Olsen na mpenzi wa Luthor, na mwisho kabisa anaingia Supergirl akiwa amelewa ili tukumbuke kuna filamu nyingine. Wendell Pierce, mtu mwenye sauti ya kuweza kusimamisha mkutano, mmempa kazi ya mhariri Perry White na sigara, na maneno ya kuhesabika. Najua sababu. Mlichukua usukani wa studio Novemba 2022, nyumba ilikuwa na vyumba vingi visivyo na watu, mkataka wapangaji waingie siku moja. Lakini ukiona mtu mpya kila baada ya dakika kumi, unaacha kuuliza anaitwa nani.

Ultraman, mpiganaji wa Luthor, nilimjua mapema. Mtu akifunikwa uso filamu nzima, na ana nguvu sawa na stelingi, mtoto wa darasa la pili anakuambia ni pacha. Vita vyao vinafurahisha kwa jambo moja tu: Luthor akipiga kelele za namba na herufi kwa wafanyakazi wake ili pacha ajue pigo la kutoa. Nicholas Hoult anaifanya kama kocha wa timu ya mtaa ambaye hajawahi kugusa mpira. Wivu ule naujua, nimeuona kwa watu wenye digrii.

Na zile safari za kupaa, kamera imesogezwa puani mwake hadi uso unavutika kama unachungulia mtu kwenye tundu la mlango. Acheni hiyo.

Mji nao unapasuka katikati, maghorofa yanakatika kama mkate, ila mmehakikisha kwamba watu wameshahamishwa. Sawa, bora hivyo kuliko 2013. Mimi nimeishi Nairobi miaka yote na sijaona jengo linaloanguka likatoa taarifa. Baada ya majina yote kupita, Superman na Mister Terrific wanasimama wakitazama ghorofa iliyounganishwa vibaya kidogo, nyufa hazikukutana sawasawa, na Terrific anaondoka kwa hasira kwa sababu ameambiwa imepinda. Wengi walikuwa wameshatoka. Sisi tuliobaki tulicheka hadi mfagiaji akasimama kutungoja. Kuna mitaa huku ghorofa kama ile ingepakwa rangi na kupangishwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Hayo ni madogo. Lililonifanya niandike ni muuza falafeli.

Anaitwa Malik. Mwanzoni Superman anapigwa hadi anachimba shimo barabarani, na yeye ni miongoni mwa wanaomsaidia kuinuka. Aliwahi kumpa chakula bure. Hayo tu. Baadaye Luthor anamleta gerezani, anamwekea bastola kichwani yenye risasi moja, anambonyezea mara ya kwanza, ya pili, ili Superman aseme. Malik anamwambia asijali. Kisha anakufa. Ilikuwa tukio zito kuliko yote, Corenswet analia kwa namna ambayo sijaona Superman mwingine akilia, na mpwa wangu alinishika mkono.

Lakini tulipotoka nje, pale ngazini, aliniuliza: "Anko, yule wa chakula ana watoto?" Sikuwa na jibu, kwa sababu ninyi hamkutupa. Mmetupa nyani wa Luthor, mmetupa mbwa wa Superman, ila mtu aliyekufa kwa ajili ya filamu nzima tunajua ana kigari cha chakula na moyo mwema. Pale tulipokuwa tumesimama palikuwa na kijana anauza smokie, anapasua, anatia kachumbari, anamwita kila mteja "boss". Mpwa wangu alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Na Jarhanpur vivyo hivyo. Taifa zima liko mpakani, limeshika fimbo na majembe mbele ya vifaru, mtoto anainua bendera yenye alama ya Superman, wenzake wanaliita jina lake. Picha hiyo, kwa mtu aliyetoka Saba Saba, inaingia hadi mifupani. Nywele zilinisimama. Halafu nikajiuliza ni nani kati yao nimemsikia akisema jambo lingine zaidi ya jina la mgeni. Sikumbuki hata mmoja. Rais wa Boravia ana jina, ana hotuba, ana nywele za vituko. Mtoto wa bendera hana. Yeye si mtu bado, ni saa ya ukutani inayotuambia Superman amechelewa. Na kumbe wanaokuja ni marafiki zake, wanamaliza kazi kwa dakika chache na mzaha juu, na Jarhanpur hatuiulizi tena.

Huku kwetu kuna madijei wanaotafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na lugha ya mtaa, DJ Afro akiwa ndiye anayejulikana kuliko wote. Kibandani diski zao ziliisha kabla ya zenu. Wengi wanadhani kilichowapendeza watu ni mzaha. Mimi nilikuwa nasikiliza kazi hiyo siku nzima, na nawaambia siri yao ni nyingine: dijei hakubali mtu apite bila jina. Askari wa tatu kutoka kushoto, yule atakayepigwa risasi sasa hivi, dijei keshampa jina, keshampa deni la duka na mke anayemsubiri na mboga. Anakufa, ukumbi unasema "Aaa!" kana kwamba ni jirani. Hakuna senti iliyoongezwa kwenye bajeti. Filamu yenu iligharimu, kwa taarifa zilizotangazwa, dola milioni 225, ikarudisha zaidi ya milioni 600. Katika hizo kulikosekana sekunde kumi za mama wa Jarhanpur akimwita mwanawe kwa jina arudi nyumbani?

Supergirl mliipangia mwaka 2026, na Man of Tomorrow Julai 2027. Sitawaambia Luthor mmfanye nini wala nani apigane na nani. Gathegi mrudisheni, hilo nadhani mnalijua, na mumpe zaidi ya ufuko mmoja. Ombi langu ni moja. Mkishaandika tukio ambalo kundi la watu linamngoja mwokozi, mchague mmoja kati yao, mmoja tu, mumwulize anaitwa nani na leo asubuhi alikuwa anafanya nini. Aseme kwa mdomo wake. Ikiwezekana asife.

Mpwa wangu alichora filamu yenu nyuma ya daftari la hisabati. Superman yuko kando, mdogo, na kijoho chekundu. Katikati kuna kigari chenye sufuria na moshi, na mtu nyuma yake mwenye aproni, na watoto wanne pembeni. Wote wanne amewaandikia majina. Wa mwisho amempa jina lake mwenyewe.

Wenu,
Aliyewahi kuwauza kwa shilingi 50,
Umoja, Nairobi